Amezidisha Solusheni

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Alfajiri ilinyesha mvua ya rasharasha, ikakatika kabla ya paredi. Kufikia saa sita jua lilikuwa kali, upepo hakuna hata wa kutikisa jani, na mabati ya madarasa yalikuwa yakilia kwa joto.

Joto hilo ndilo lililomfanya Mwalimu Prudence amtazame mara mbili Ghati, mwanafunzi wake wa kidato cha tatu, alipomwona anakatisha uwanja wa shule akiwa amevaa sweta. Mkono mmoja wa sweta alikuwa ameuvuta mpaka ukafunika vidole, kisha akaubana puani kama mtu anayepita jalalani.

"Ghati! Mafua hayo bado tu?"

"Bado, Madam."

"Na vidonge nilivyokupa?"

"Nimemaliza, Madam." Akacheka, kicheko ambacho hakikuwa na sababu, akaendelea na safari yake kuelekea nyuma ya maabara.

Prudence akatikisa kichwa, akaingia ofisini kusahihisha madaftari. Kwa mawazo yake, mtoto alikuwa anawahi diskasheni.

Shule yenyewe ni ya kata, nje kidogo ya Butiama, kwenye mteremko ambao ng'ombe hupita asubuhi wakienda malishoni. Prudence alikuwa na mwaka wa kumi na moja pale. Siku za kazi alilala katika nyumba za walimu; Ijumaa jioni alirudi kwake Bweri, Musoma, kwenye nyumba ambayo yeye na mume wake walikuwa wamehamia kabla haijapigwa plasta, wakiahidiana kila mwaka kwamba plasta ni mwaka huu. Alizaliwa Majita, kwa wavuvi. Alikwenda bweni akiwa na miaka kumi na minne, na usiku wa kwanza wasichana wenzake wakaziba pua na kuuliza nani kaja na dagaa. Alinusa nguo zake, asisikie kitu. Ilimchukua wiki nzima kuamini kwamba ni yeye.

Alifundisha hesabu, na alijulikana kwa jambo moja. Mwanafunzi akileta jibu sahihi bila kuonyesha alikopita, alimpa sifuri. Akileta jibu la uongo lakini njia inaonekana, alimpa alama za njia. "Nataka njia," alikuwa akisema. "Jibu litakuja lenyewe." Watoto walimwiga sauti hiyo vyooni, na yeye alijua kwamba wanamwiga, na hakukasirika. Fimbo hakuwahi kuishika.

Diskasheni ya nyuma ya maabara ilikuwa ya kwake yeye. Pale shuleni chakula cha mchana ni makande, na mahindi na maharage huletwa na wazazi. Mtoto ambaye kwao hawajaleta hapewi chakula. Wanafunzi wa namna hiyo walikuwa wanabaki wakizungukazunguka karibu na jiko, wakiangalia wenzao wanavyochota, na Prudence hakuweza kuvumilia kuwaona. Akawatafutia pa kwenda. Liko jengo la maabara ambalo lilipandishwa kuta likaishia kwenye linta. Kona moja imeezekwa bati mbili kuukuu. Akawapa chaki na kipande cha ubao. Saa ya makande wao wawe kule wafanye maswali, watu wasiwatazame midomoni. Wakawa wanne, wa kudumu: Ghati, rafiki yake Dorah, na wavulana wawili, Clever na Samwel.

Na walionekana kushika kazi. Akipita darasani aliwasikia wakiulizana kwa sauti ya chini: "Solusheni ipo?" "Ipo, ya leo ngumu." "Niachie basi hata kidogo." Mwalimu gani wa hesabu asingefurahi? Miaka yote amewaimbia watoto watafute solusheni, yaani swali na hatua zake mpaka kwenye jibu, na sasa kuna wanaoitafuta hata saa ya njaa.

Ijumaa iliyopita alisimama paredi mbele ya shule nzima, akawasifu kwa majina. Akasema, "Igeni mfano wa hawa wanne. Mimi ningependa kila mwanafunzi hapa awe na solusheni yake mfukoni!"

Shule nzima ililipuka. Walicheka, wakapiga makofi, wengine wakainama wakishika magoti. Mkuu wa shule, Mwalimu Magige, alilazimika kupiga filimbi. Prudence alishuka kwenye ngazi akitabasamu, akidhani siku hiyo kachekesha vizuri.

Basi siku ya Jumanne, kama saa saba na nusu, alikuwa ameinamia daftari la tisa au la kumi aliposikia viatu vinakimbia kwenye varanda. Dorah akasimama mlangoni. Hakubisha hodi.

"Madam. Ghati amezidisha."

"Amezidisha nini?"

"Solusheni. Amezidisha solusheni, Madam."

Prudence hakuinua hata macho. "Kama amezidisha, mwambie agawanye," akasema, na walimu wawili waliokuwa mle ndani wakacheka.

Dorah hakucheka. Alibaki pale mlangoni, kifua kinapanda na kushuka, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta. "Madam, haamki," akasema. "Tumemwita, haamki."

Hapo ndipo Prudence alipomtazama. Na alipomtazama, harufu ilimfikia kutoka kwenye nguo za yule binti, harufu kali, tamu kwa mbali, ambayo aliijua tangu utotoni kwa sababu baba yake alikuwa na baiskeli. Ni ile gundi ya kuzibia pancha. Mafundi wote wa Mara, kuanzia Musoma mpaka Manyamanyama kule Bunda, huiita kwa jina moja tu: solusheni.

Kalamu ikamdondoka. Hakumbuki alivyotoka ofisini. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa kwenye uwanja, anakimbia akiwa na kiatu kimoja.

Ghati alikuwa ameegemea ukuta chini ya zile bati, shingo imelegea, mdomo wazi. Clever alikuwa amemshika makwapani anajaribu kumsimamisha. "Tembea, Ghati, tembea, itatoka!" alikuwa anasema kwa sauti ya kulia. Samwel alisimama pembeni na kidumu cha maji hajui akimimine wapi. Kwenye kipande cha ubao, swali lilikuwa limeandikwa vizuri, tarehe juu, mstari chini yake, na chini ya mstari hakuna kitu. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa kwanza.

Prudence aliiona ile tarehe na mkono wake ukapanda wenyewe kumzaba Clever kibao. "Washenzi nyie! Mnafanya nini!" Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyojijua. Na kwa sauti hiyo Ghati akafumbua macho, akamwona mwalimu wake na mkono uko juu, akashtuka mwili mzima. Akajivuta asimame akimbie. Akapiga hatua kama tatu za mlevi, akaanguka kifudifudi kwenye mchanga.

Prudence alimpigia simu Samia, muuguzi wa kituo cha afya na jirani yake kwenye nyumba za walimu, kwa kuwa mume wa Samia alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikosea kubonyeza namba mara mbili.

"Amevuta solusheni, Samia, mtoto wangu wa darasani, ameanguka, alitaka kukimbia..."

"Umemkimbiza?"

"Nimepiga kelele tu."

"Usipige kelele tena. Nisikilize. Mtu asimkimbize, asimtikise, asimsimamishe. Anapumua?"

"Anapumua. Anakoroma."

"Mvueni hiyo sweta. Mtoeni hapo penye harufu, mpelekeni penye hewa, mlazeni kwa ubavu, akitapika asipaliwe. Msimnyweshe maji. Na mtu asiwashe kiberiti karibu. Uongee naye polepole, kama unambembeleza mtoto mchanga alale. Natafuta bajaji, nakuja."

Prudence akaiweka simu chini. Alimgeuza Ghati kwa ubavu, akamvua ile sweta. Mkono wa kulia wa sweta ulikuwa umekauka kwa gundi kama ngozi ya ngoma. Akapiga magoti akasema, "Mama, ni mimi. Hakuna ubaya. Pumua tu, mama. Pumua," na sauti iliyokuwa inatoka haikufanana na ya kwake.

Bajaji ilipokuja walimbeba vilevile kwa ubavu, kichwa kwenye mapaja ya Prudence. Njiani alimtazama usoni kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu shule zifunguliwe. Kuzunguka mdomo na chini ya pua kulikuwa na vipele vidogo vyekundu, vingine vimepasuka.

Kituoni walimwekea hewa ya oksijeni, wakamfunga kifaa cha kidoleni cha kuhesabu mapigo. Samia alikuwa amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, lakini alitembea harakaharaka kama aliyekula sasa hivi. Mapigo ya mtoto yalipotulia, akamvuta Prudence kwenye benchi la nje.

"Nikuulize kitu, Mwalimu. Mafua yasiyoisha alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Macho mekundu?"

"Ndiyo."

"Kichwa kinauma kila siku, chakula hataki, anacheka bila sababu, vipele mdomoni, nguo zinanuka?"

"Ndiyo."

"Katika hayo uliona lipi?"

"Yote," Prudence akasema.

"Ukafanyaje?"

"Nilimpa vidonge vya mafua."

Samia alimshika mkono. Kisha akamweleza kwa sauti ya chini. "Pale alipokuona akataka kukimbia ndipo wengine wanapoishia. Hiyo kitu inauvuruga moyo. Mtu akishtuka au akikimbia, moyo unaweza kusimama palepale. Na si lazima awe mzoefu, dada yangu. Hata anayejaribu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa."

Ndipo Prudence alipoikumbuka paredi. Alikumbuka kicheko kile, watoto walivyoinama wakishika magoti, na yeye pale juu ya ngazi, mikono ameinyoosha, anaitakia shule nzima solusheni mfukoni. Walijua wote. Hata vile vitoto vya kidato cha kwanza vilikuwa vinajua. Alijifunika uso kwa kanga aliyokuwa ameazimwa na Samia, akatoa sauti ambayo mgonjwa mmoja aliyekuwa akipita alidhani ni ya kufiwa.

Wankyo, baba yake Ghati, alifika saa kumi na baiskeli yake. Ni fundi pancha; kijiwe chake kiko kwenye njia panda ya barabara ya Bunda, chini ya tairi la trekta lililoning'inizwa. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alisimama mlangoni pa wodi akamtazama binti yake aliyelala, akatoka, akakaa kwenye udongo ingawa benchi lilikuwa na nafasi.

"Makopo yalikuwa yanapungua," akasema. "Nikajua ni vijana wa bodaboda. Nikawatukana, mura, nikawatukana mpaka wengine wakahama kijiwe. Kumbe mwizi yuko nyumbani ananipikia ugali."

"Hukuwahi kusikia harufu, mzee?" Samia akamuuliza.

Wankyo aliinua viganja vyake akamwonyesha. "Nyumba yangu inanukaga solusheni toka nimeoa. Mke wangu ananuka, mbuzi wananuka. Huyu mtoto kazaliwa ndani yake. Ningemnusaje?"

Prudence akamtazama, na kwa muda akawa msichana wa Majita amesimama bwenini, ananusa nguo zake asisikie kitu.

Jua lilipokuwa linashuka akaja Mwalimu Magige, mkuu wa shule. Aliuliza kwanza kama mtoto yu hai, na aliposikia yu hai akavua kofia akajifuta jasho kichwa kizima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto mia nne na themanini wa watu wengine, na usoni alionekana kuwahesabu wote.

"Mwalimu Prudence, wanne hao wanaondoka. Kesho alasiri naita kamati ya nidhamu, barua zinaandikwa. Nikiwaacha, wiki ijayo ni arobaini."

"Mkuu, hapo umeandika jibu. Njia iko wapi?"

"Usiniletee hesabu hapa!"

"Naleta hesabu kwa sababu ndiyo ninayoijua. Tangu lini wanavuta, tumeuliza? Kwa nini? Wengine ni kina nani? Shule nzima ilicheka Ijumaa, Mkuu. Na wewe ulipiga filimbi. Unafikiri walikuwa wanacheka nini?"

Magige alifungua mdomo. Prudence aliona kabisa pale habari ilipomfikia, maana kofia ilimponyoka mkononi na hakuiokota. "Wanajua wote?" akauliza polepole.

"Wote. Wasiojua tulikuwa wewe na mimi na walimu wenzetu."

Wankyo akaingilia, bado amekaa chini. "Mkuu, mimi sina elimu ya kubishana na wewe. Lakini nisaidie hapa. Mkimfukuza, mtoto atakaa wapi mchana kutwa?"

"Nyumbani kwako. Wewe ndiye mzazi."

"Mama yake yuko shambani mpaka jioni. Atakaa na mimi kijiweni." Akanyoosha ile mikono myeusi. "Na kijiwe changu ndicho chenye solusheni."

Magige aliinama akaiokota kofia, akaikung'uta vumbi kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. Samia alikuwa amesimama mlangoni na tende tatu mkononi, anasubiri adhana, naye akaongeza kwamba kumpiga hakufai na kumtangaza hakufai, kwamba mtoto wa namna hii anahitaji mtu wa kumfuatilia kila siku, na kituo kina mshauri anayekuja Alhamisi, waletwe wote wanne.

"Kamati ni saa tisa," Magige akasema mwishowe. "Kabla ya saa tisa niletee hiyo njia yako, Prudence. Ukiniletea huruma tu, nitasaini barua." Akageuka kwenda, kisha akarudi, akaingia wodini, akasimama kwenye miguu ya kitanda cha Ghati na kofia mkononi mpaka Samia akamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Asubuhi yake, Jumatano, mawingu yalikuwa mazito lakini mvua haikunyesha. Prudence aliamka akakoroga uji wa mtama, akautia kwenye chupa, akaenda nao kituoni. Ghati alikuwa ameketi, macho yamevimba. Hakumtazama mwalimu wake.

"Nimefukuzwa, Madam?"

"Bado. Kunywa uji."

"Nilisikia sauti yako. Kwenye mchanga pale." Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Nilidhani ni mama."

Prudence akamngoja amalize, akamfuta mdomo pale penye vipele kama angemfuta mtoto mdogo, akaondoka.

Hakwenda paredi. Alipita nyuma, akaenda kwenye jengo la maabara, akaokota vikopo na matambara yote akayatia kwenye mfuko wa salfeti akaufunga. Akafuta ubao. Akageuza ndoo, akaikalia, akangoja. Alikuwa ameagiza kupitia kwa mwalimu wa zamu kwamba watatu waliobaki waje, na kwamba hakuna kesi.

Dorah alikuja wa kwanza, akasimama mbali. Kisha Samwel. Clever alikuja wa mwisho, anatembea kwa kuviziavizia, macho yako kwenye mkono wa mwalimu.

"Clever, jana niliinua mkono. Leo sitauinua. Kaeni."

Wakakaa.

"Sitaki jina la mtu. Sitaki jibu. Nataka njia tu, kama darasani. Ilianzaje?"

Walitazamana. Mahali fulani ng'ombe alilia. Clever akachora chini kwa kijiti, akafuta. Ni Dorah aliyesema, na alisema akiangalia magoti yake.

"Madam, ilianzaga saa ya makande."

"Endelea."

"Huku tulikuwa tunasikia sahani. Harufu ya makande inakujaga mpaka hapa. Maswali hayaingii. Siku moja Ghati akaleta, akasema ukinusa njaa inakata, mpaka jioni husikii kitu." Akameza mate. "Na kweli ikakata. Ndiyo hivyo tu, Madam. Tulikuwa hatutaki kusikia njaa."

Prudence aliutazama ukuta ulioishia kwenye linta, na zile bati mbili, na kona ile aliyowatafutia yeye mwenyewe kwa huruma, mbali na macho ya watu, mbali na sahani. Watoto walidhani atalia au atapiga kelele, na Clever akasogea nyuma kidogo.

Akasimama. "Nifuateni," akasema.

Akaenda nao jikoni, hatua kwa hatua, bila haraka. Mpishi, Mama Nyangi, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Prudence akamwambia kwamba kuanzia leo, hata kabla ya kamati kukaa na kusema lolote, hakuna mtoto wa shule ile anayekwenda kukaa nyuma ya maabara saa ya chakula. Yeye mwenyewe ataleta mahindi kutoka Bweri, na mengine atakwenda kumwomba Mkuu sasa hivi, wakati anampelekea njia yake.

"Leo ongeza sahani nne," akasema.

Mama Nyangi akawahesabu kwa macho. "Mbona naona watatu, Mwalimu?"

"Ya nne nifunikie. Naipeleka kituoni mwenyewe."